AMANA SI SADAKA

Bismillahi Rahmani Rahim.



Mwaka 2009 mkataba wa shaba na kobalti pamoja na Wachina uliweka dola bilioni 3 kwa kujenga barabara, mahospitali na mashule. Kazi zikaitwa «Cinq Chantiers» za rais, na kwenye uchaguzi wa 2011 picha yake ilisimama kando ya barabara, kana kwamba ametoa mfukoni mwake. Rais alibadilika mwaka 2019; tabia ya kutangaza hivyo bado tunaiona.

Surat al-Baqara, aya 264, yakataza mtoaji kuharibu sadaka yake kwa masimbulizi. Na huyo ametoa mali yake! Je, anayesimbulia watu mali yao wenyewe? Pesa ya serikali ni madini ya nchi na kodi ya mama wa sokoni. Ni amana, na Surat an-Nisaa, aya 58, yaamuru amana irudi kwa wenyewe.

Nawe ndugu, usipige makofi kwa shule iliyotangazwa tu. Uliza: imejengwa? Kwa pesa ngapi? Aliyefikisha amana mshukuru kwa uaminifu wake. Lakini usikubali kura yako inunuliwe kwa pesa yako.

Allah atujaalie viongozi waaminifu, na sisi tuwe macho. Amin.