Kufungua kwa Saburi



Katika 1 Samweli 30 twasoma habari za kijana Mmisri, mgonjwa, aliyeachwa na bwana wake siku 3 bila chakula wala maji. Watu wa Daudi walimpa mkate, maji, kipande cha tini na vishada viwili vya zabibu. Hawakumchinjia ndama.

Mwezi Aprili 1945, askari wa Uingereza walipoikomboa kambi ya Bergen-Belsen, Ujerumani, kwa huruma waliwapa wafungwa wenye njaa chakula kizito cha jeshi. Baadhi yao walikufa kwa kukila. Njaa ndefu hupunguza madini ya mwili. Chakula kingi cha ghafla huyavuta yale machache kutoka katika damu, na moyo waweza kusimama.

Basi, ndugu uliyefunga siku nyingi, anza na uji mwepesi, kidogo kidogo, ukiongeza siku kwa siku. Aliyekaa zaidi ya siku 5 bila kula, aliyekonda sana, au mgonjwa, amwone daktari kwanza.

Nasi wenye karamu ya Pasaka, tusimlazimishe mtu sahani ya pilau ili tuonekane wakarimu. Upendo humtazama anayelishwa. Amina.