Binti wa Laela, Akademia Ni Yako Pia

Mwaka 2013 jarida la Nature lilitangaza kilichochimbuliwa katika bonde la ufa la Rukwa: kipande cha taya chenye meno machache, cha mnyama wa jamii ya sokwe aliyeishi miaka ipatayo milioni 25 iliyopita. Watafiti wakamwita Rukwapithecus. Pamoja naye wakamtangaza mnyama wa jamii ya tumbili wa zama hizohizo, ambaye kwake walipata kipande cha taya chenye jino moja tu. Jino moja! Wakalichunguza kila upande, likatoa ushahidi kwamba ukoo wa sokwe na ukoo wa tumbili zilikuwa koo zilizokwishatengana wakati huo. Aliyeongoza timu ile ni mwanamke, Nancy Stevens, wakati huo wa Chuo Kikuu cha Ohio, Marekani. Miaka mitatu baadaye, 2016, watafiti wa Oxford na Durham pamoja na kampuni ya Helium One wakatangaza kuwa eneo hilohilo lina heliamu, gesi inayopoza sumaku za mashine za MRI hospitalini.

Bonde hilo, wewe unayesoma Laela, hapa Ufipa mkoani Rukwa, liko chini ya ukingo wa Lyamba lya Mfipa, na mkoa wako umebeba jina lake. Nauliza, tena nauliza kwa uchungu: jina la binti wa Ufipa litaandikwa lini juu ya utafiti wa namna hiyo, akiwa kiongozi wa timu na si mwenyeji aliyewaonyesha wageni njia?

Usikubali kuambiwa kwamba sayansi ni mgeni Ufipa. Wahunzi wa huku walijenga malungu, matanuri ya udongo yaliyopita kimo cha mtu, yenye matundu chini, hewa ikajivuta yenyewe hadi moto ukatoa chuma ndani ya mawe bila mtu kuvukuta. Kisha chuma kile kilisafishwa kwenye tanuri dogo, kintengwe, hapo sasa kwa mivukuto. Kujua tanuri liwe refu kiasi gani na liachiwe matundu mangapi ni uhandisi, hata kama hakuna aliyeuandika kitabuni. Mama anayefukia majani ndani ya matuta ya ntumba ili yaoze na kulisha zao la msimu ujao naye anafanya jambo ambalo mtaalamu wa udongo angeweza kulisomea shahada nzima. Lakini kuna jambo lazima lisemwe wazi. Watafiti waliozungumza na wazee wa Ufipa wameandika kwamba tanuri la chuma lilitendewa kama bibi harusi, likafanyiwa matambiko, ilhali wanawake wenyewe walizuiwa kulikaribia wakati wa kazi.

Wala si Ufipa peke yake. Januari 1911 Akademia ya Sayansi ya Ufaransa ilimnyima uanachama Marie Curie, aliyekuwa tayari na Tuzo ya Nobel ya mwaka 1903. Alikosa kwa kura chache mno. Mwaka huohuo akapata Nobel ya pili. Royal Society ya London, akademia ya Waingereza iliyoanzishwa 1660, iliwachagua wanachama wanawake kwa mara ya kwanza mwaka 1945: Kathleen Lonsdale na Marjory Stephenson. Hesabu mwenyewe, ni miaka 285. Kwa hiyo msichana akisikia kwamba fizikia ni ya wavulana, ajue kuwa neno hilo ni la kale, lilisemwa hata na wasomi wakubwa wa Ulaya, na kila mahali waliolisema wameumbuka.

Leo taasisi hizohizo zinawatafuta wanawake. Mfano ninaoupenda kuliko yote uko hapahapa nyumbani. Prof. Julie Makani alihitimu udaktari Muhimbili mwaka 1994, kisha akajitosa kwenye selimundu, ugonjwa wa damu ambao mtoto huurithi kwa baba na mama. Tanzania huzaa watoto wenye ugonjwa huo zaidi ya 10,000 kila mwaka kwa makadirio. Mzazi aliyekesha na mtoto anayelia kwa maumivu ya mifupa, macho yamegeuka manjano, anaujua hata kama hajui jina lake. Makani na wenzake pale Muhimbili waliwaandikisha wagonjwa na kuwafuatilia mwaka hadi mwaka, wakafika zaidi ya 2,000, ili ijulikane ni nini hasa kinachowaua na nini kinawaokoa. Mwaka 2011 Royal Society, ileile iliyochelewa miaka 285, ikampa tuzo ya Royal Society Pfizer: pauni 60,000 za utafiti na 5,000 zake mwenyewe. Fedha hizo zilikuja kwa daktari aliyekuwa kazini Dar es Salaam, kwa kazi ya kuwahudumia watoto wa Kitanzania.

Kabla yake alikuwepo Prof. Esther Mwaikambo. Alianza kama muuguzi, akaenda kusomea udaktari Umoja wa Kisovieti, akahitimu 1969 na kuwa mwanamke wa kwanza Mtanzania kuwa daktari. Angeweza kutosheka na sifa hiyo. Lakini mwaka 1987 akaanzisha chama cha madaktari wanawake, MEWATA, ambacho baadaye kiliwafuata akina mama mikoani kuwapima saratani ya matiti. Kisha akawa rais wa Akademia ya Sayansi Tanzania, taasisi ya wanasayansi wanaochaguliwa na wenzao kwa ubora wa kazi zao na ambayo huishauri serikali kuhusu masuala ya kitaalamu. Muuguzi akafika kwenye kiti cha juu kabisa cha wanasayansi wa nchi.

Njia ya kwenda huko ina fedha zake, na fedha hizo zinaombwa. Lipo shirika la OWSD, la wanawake wanasayansi wa nchi zinazoendelea, lililoanzishwa 1987 na lenye makao Trieste, Italia, sambamba na akademia ya TWAS aliyoiasisi mwanafizikia Abdus Salam wa Pakistan. OWSD imekuwa ikifadhili wanawake kusoma shahada ya uzamivu katika nchi nyingine za Kusini, na Watanzania wamo. Anayetaka anaweza kubaki amesajiliwa chuo cha nyumbani na kwenda nje kwa vipindi vya utafiti tu. Kwa mwanamke mwenye mtoto mdogo, utaratibu huo ndio unaoamua kama atasoma au ataacha. Kwa aliyeshapata uzamivu, OWSD imewahi kutoa ufadhili mwingine wa hadi dola 50,000 za kuanzisha utafiti wake nchini mwake. Na kabla ya yote hayo, kwa anayemaliza kidato cha sita na ufaulu wa juu katika sayansi, kuna Samia Scholarship ya serikali yetu wenyewe.

Tatizo ni kwamba habari hizi huzunguka vyuoni, na binti wa Laela hufanya uamuzi wake mkubwa akiwa na miaka kumi na mitano. Kidato cha pili kikiisha anaulizwa: fizikia na kemia unaendelea nazo au unaacha? Wengi huacha siku hiyo. Hakuna aliyewafukuza, ni kwamba hakuna aliyewaambia kuna nini mbele.

Mzazi, msimu wa mavuno usimtoe darasani, na jioni mgawie kaka yake ndoo za maji. Mwalimu, hata kama kemikali za maabara zimekwisha, simulia habari za jino la Rukwa na za wagonjwa wa Muhimbili. Na ninyi wakubwa wa akademia zetu, Februari 11, Siku ya Kimataifa ya Wanawake na Wasichana katika Sayansi, isiishie kwenye kumbi za Dar es Salaam na Dodoma. Njooni Laela. Lami ya kutoka Tunduma kwenda Sumbawanga inapita hapahapa, na wasichana watawasikiliza.

Na wewe binti, karatasi ya kuchagua masomo ikifika mkononi, usiiache fizikia.