Samaki Tunamjua, Mjusi Hatumjui

Alfajiri pale soko la samaki la Feri, wakati boti zinashusha mzigo na madalali wameshaanza kupaza sauti, hakuna anayesema "samaki ni samaki tu." Mwite tasi changu mbele ya dalali uone atakavyokutazama. Mama lishe akitaka fungu la kibua, kwanza anamfunua shavu aone wekundu, kisha anamtazama jicho. Mchuuzi aliyekuja na ndoo yake kutoka Kariakoo anajua kwamba nguru na kolekole hawana bei moja, na hahitaji kuambiwa yupi ni yupi. Kukosea jina pale ni kupoteza fedha, kwa hiyo watu wamejifunza majina.

Sasa inua macho utazame ukuta wa nyuma, au shina la mnazi lililo karibu. Utaona mijusi wa aina mbili au tatu, pengine nne, na wote tunawaita kwa jina moja. Nasema tunawaita kwa sababu nami nimo. Mtoto wa jirani aliwahi kuniletea mmoja ndani ya chupa ya maji. Alikuwa mdogo kuliko kidole, kichwa cha njano kimechorwa mistari myeusi, mwili wa kijivu unaoelekea ubuluu. "Shikamoo anko. Huyu ni nani?" Nikaitikia marahaba, na bila hata kuiinua ile chupa kwenye mwanga nikamwambia, "Ni mjusi tu huyo, kamwachie." Akaenda kumwachia, na hilo lilikuwa jambo jema. Lakini alikuwa ameuliza swali zuri, nami nikalizima.

Sikulijutia jibu langu mpaka nilipoisoma habari ya Kimboza. Naomba nikusimulie, maana jibu lile lile, likitamkwa na watu wengi mahali pabaya, liliigharimu nchi yetu kitu ambacho hakipatikani penginepo duniani.

Kimboza ni msitu mdogo mkoani Morogoro, miguuni mwa Milima ya Uluguru, kwenye bonde la Mto Ruvu, mto uleule tunaokunywa maji yake hapa Dar es Salaam. Eneo lake ni takriban hekta 400. Ndani yake na katika vipande vichache vya msitu vya jirani, anaishi mjusi mdogo wa mchana ambaye dume lake ni la buluu kali inayong'aa, koo jeusi na tumbo la rangi ya chungwa. Arthur Loveridge ndiye aliyemwandika kisayansi mwaka 1952, akampa jina Lygodactylus williamsi. Nje ya eneo hilo la Morogoro, hakuna porini popote anakoishi.

Uzuri wake ndio uliomponza. Wafugaji wa wanyama wa ndani huko Ulaya walipomfahamu walimtaka sana, na wakamataji wakaingia msituni. Watafiti walipofuatilia waligundua kwamba kati ya Desemba 2004 na Julai 2009, kundi moja tu la wakamataji lilikuwa limetoa mijusi wasiopungua 32,000 katika msitu ule. Kundi moja tu, na hakuna anayeamini kwamba lilikuwa peke yake.

Utauliza, walipitaje? Hapo ndipo penye somo. Tanzania haikuwahi kutoa kibali cha kumsafirisha mjusi huyu. Vibali vilivyokuwapo vilikuwa vya ndugu zake, mijusi wengine wa jenasi hiyohiyo ya Lygodactylus ambao ni wengi na wa kawaida. Yule mwenye kichwa cha njano niliyeletewa kwenye chupa ni mmoja wa ndugu hao. Karatasi ikataja ndugu, kopo likabeba wa buluu. Ili udanganyifu wa namna hiyo ufanikiwe, si lazima kila mtu njiani awe mwovu. Inatosha kila mtu njiani awe kama mimi siku ile, atazame kopo na aseme ni mijusi tu.

Na ishara zilikuwapo. Nataka tukae nazo kidogo, maana ndizo zinazoniuma.

Mjusi wa Kimboza hukaa kwenye mikadi ya msituni, ndugu wa mkadi wa pwani ambao maua yake akina mama huyatia katika kikuba. Hujificha kule juu, palepale majani marefu yenye miiba yanapokutana. Kumfikia huko ni kazi, basi wakamataji wakaona njia rahisi ni kuuangusha mti. Mkadi haukatwi kwa mbao. Mtu anayeona mikadi imelazwa chini, mmoja baada ya mwingine, na hakuna aliyebeba hata gogo, anaona jambo lisilo na maelezo ya kawaida. Anapaswa kuuliza, aliyeukata alikuwa anatafuta nini? Kila mkadi ulioangushwa uliondoka na mijusi waliokamatwa, na pia na makao ya wale ambao wangezaliwa baadaye.

Ishara nyingine ilikuwa wazi zaidi. Kule Ulaya mjusi alikuwa anauzwa hadharani kwa jina lake halisi, ilhali kwenye vibali vya huku jina hilo halikuwamo. Mnyama wa msitu mmoja wa Morogoro amefikaje dukani ughaibuni, akiwa mzima, na hakuna karatasi ya kwao inayomtaja? Swali hilo lilikuwa limekaa mezani miaka kadhaa.

Lakini ishara ninayoiona kuwa ngumu kuliko zote, na ambayo mimi ningeikosa bila shaka, ni majike. Dume huwezi kumpita bila kumwona. Jike ni rangi ya kijani iliyochanganyika na kahawia, na madume machanga hufanana naye. Mwenye haraka akichungulia kopo lenye majike hatashtuka hata kidogo. Ndiyo maana kumjua mnyama kwa rangi moja ya kupendeza hakutoshi. Mvuvi wetu hamjui changu siku anapong'aa tu, anamjua hata akiwa amepauka kwenye barafu.

Hatua zilichukuliwa, ingawa zilichelewa. Mwaka 2012 mjusi huyu aliwekwa kwenye orodha ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, katika daraja la walio hatarini kabisa kutoweka. Mwaka 2016 serikali yetu ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje, baada ya tumbili 61 kunusurika kusafirishwa kwenda Albania. Mwaka huohuo mkutano wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe wa porini, uliofanyika Johannesburg ukamwingiza mjusi wa Kimboza katika kiambatisho cha kwanza, na tangu Januari 2017 kumfanyia biashara ya kimataifa akiwa ametolewa porini ni marufuku. Msitu wenyewe bado unasumbuliwa na moto, na mti mgeni uitwao Cedrela unazidi kuenea ndani yake.

Wala mchezo haujaisha. Januari 2021 maofisa wa forodha wa Austria walitangaza kwamba kwenye uwanja wa ndege wa Vienna walimnasa msafiri aliyetoka Tanzania akiwa na vinyonga 74 wa Milima ya Usambara. Alikuwa amewaficha ndani ya soksi na makopo matupu ya aiskrimu. Watatu hawakupona. Kinyonga ambaye huku watoto wetu wanamkimbia au kumpiga mawe alikuwa amefungwa ndani ya soksi, anapelekwa kuuzwa kwa maelfu ya euro.

Basi tuanzie nyumbani, kwa sababu jicho hufundishwa nyumbani. Yule mweupe anayekaa karibu na taa usiku akivizia wadudu ndiye mjusi kafiri. Hana kope za kufumba, hulisafisha jicho kwa ulimi, na mboni yake mchana huwa ufa mwembamba uliosimama. Mwenye kichwa cha njano ni wa mchana, mboni yake ni duara, na ukimtazama vizuri utaona kwamba ncha ya mkia wake inanata kama vidole vyake. Yule wa magamba laini yanayong'aa, kahawia mwenye mistari miwili iliyofifia mgongoni, anayepita chini ya ukuta na kujichomeka ufani, ni mwingine kabisa. Na yule mwenye kichwa kipana, anayekaa juani akikiinua na kukishusha, dume lake hubadilika rangi kwa namna ambayo ukimwona asubuhi na ukamwona mchana unaweza kudhani ni wawili.

Hakuna hata mmoja kati ya hao mwenye sumu ya kumdhuru mtu. Nalisema hili kwa sababu hofu ndiyo hutufanya tuwapige kabla ya kuwatazama. Wa kukaa naye mbali ni kenge, kwa meno na mkia wake, na hata huyo ukimwacha anakwenda zake.

Ndugu msomaji, siku akitokea mtu mtaani kwako akawaambia watoto atawalipa kwa kila mjusi watakayemletea, usicheke ukapita. Muulize anamtaka yupi, kwa jina. Muulize kibali, na ukisome kinataja mnyama gani. Kisha fungua kopo utazame kilichomo, na kama hakifanani na karatasi, kawaambie viongozi wa mtaa na maofisa wa wanyamapori kabla hajaondoka.

Na wale wenye uwezo wa kubandika mabango bandarini na viwanja vya ndege, ninawaomba jambo moja. Picha ya mjusi wa buluu inapendeza, na kila anayetengeneza bango atataka kuiweka hiyo. Iwekeni, lakini pembeni yake, kwa ukubwa uleule, wekeni picha ya jike.