Dawa: Mali au Amana?
Mwaka 1923 wagunduzi wa insulini walikiuzia Chuo Kikuu cha Toronto haki za ugunduzi wao kwa dola 1 kila mmoja, ili asiwepo wa kuihodhi dawa hiyo. Walakini huko Marekani, ambako wengi hupata bima kwa njia ya kazi, mgonjwa wa kisukari aachishwapo kazi aweza kupoteza bima pia, akadaiwa bei asiyoimudu. Mkataba hukoma, ugonjwa haukomi. Je, yafaa uhai wa mtu ufungamane na ajira yake? Twajibu: la. Kiwanda chastahili malipo, ni kweli. Lakini dawa ambayo mtu hawezi kuishi pasipo nayo ni amana. Mshika amana aweza kudai ujira wa kuitunza. Hana ruhusa ya kumnyima mwenyewe.