Mdai Mwenye Kelele na Mdai Aliyenyamaa

Ndugu yetu mmoja mwenye duka la vitambaa ametuuliza suala ambalo twaona lafaa kujibiwa hadharani, kwani wengi wamo ndani yake na wachache huthubutu kulitamka. Anadaiwa mahali pengi. Ameshakwenda kwa mjuzi wa sheria ili madeni yake yote yapangwe pamoja. Lakini kabla mapatano hayajatimia, watu walioajiriwa kufuatia madeni humpigia simu alfajiri na usiku, na huwapelekea jamaa zake maneno ya kumfedhehesha. Kwa hivyo amebadili namba ya simu, na mlango ukibishwa mtoto huambiwa aseme: Baba hayupo. Auliza, je, ana makosa?

Twaanza na huyo mtoto, kwa kuwa yeye hadaiwi na mtu. Mtume wetu (s.a.w.) alikuwa akijilinda kwa Mwenyezi Mungu na deni, na alipoulizwa sababu alieleza kuwa mwenye deni akisema husema uwongo, na akiahidi huvunja. Deni la baba hulipwa kwa fedha. Uwongo aliofundishwa mwana mlangoni utalipwa kwa nini? Afungue mlango mwenyewe.

Wala asidhani kuwa ukali wa mdai wamfutia deni. Mtu mmoja alimjia Mtume kumdai ngamia, akasema naye kwa ukali hata Masahaba wakataka kumwadhibu. Mtume akawazuia, akawafahamisha kuwa mwenye haki ana nafasi ya kusema, kisha akaamuru apewe ngamia bora kuliko wake. Walakini nafasi hiyo ni ya kusema na mdeni, si ya kumpigia simu mkwewe. Kanuni za Benki Kuu ya Kenya za mwaka 2022 juu ya wakopeshao kwa simu zimekataza vitisho, matusi, na kuwasumbua watu ambao namba zao zimo katika simu ya mdeni. (Khabari ya riba iliyomo katika mikopo hiyo tutaisema siku nyingine. Leo twasema tu kwamba akopaye leo ili kulipa mkopo wa jana huzima moto kwa mafuta ya taa.)

Lakini lililotushughulisha zaidi ni jambo alilolitaja mwishoni, kama kwamba si kitu. Kidogo apatacho kila wiki humpa yule apigaye kelele zaidi, ili anyamaze. Na shangazi yake mjane, aliyemkopesha akiba yake bila karatasi na aonaye haya kudai, hajapata hata senti. Hii ni dhuluma, nayo haikutoka katika ubaya wa moyo. Imetoka katika khofu. Mali haba imekuwa ya mwenye sauti kubwa, na aliyemsitiri nduguye ndiye aliyeachwa nyuma.

Kwa ajili hiyo wanavyuoni wa Kishafii wamesema kuwa kadhi akishamzuilia muflisi mali yake, mali hiyo hugawanywa kwa wadai wote kila mmoja kwa kadiri ya haki yake. Na katika Sahihi ya Muslim mna khabari ya mtu aliyepata hasara katika matunda aliyoyanunua. Watu walimchangia, mchango usitoshe, na Mtume akawaambia wadai wake wachukue kilichopo, kwani hawana zaidi ya hicho. Sheria ya Kenya ya kufilisika, ya mwaka 2015, nayo yampa mdeni njia ya kuwapelekea wadai pendekezo kupitia msimamizi mwenye idhini, nao wakalipigia kura. Na mahakama yaweza kutoa amri ya muda ya kusimamisha kesi na kunadiwa mali wakati pendekezo likitazamwa. Aliyeshika rehani ana hukumu yake mbali.

Basi ndugu yetu asingoje hiyo amri ndipo aseme. Amwandikie kila mdai, amtajie msimamizi wake, aombe hesabu ya deni, na kwa anayedai kwa niaba ya mwingine aombe barua ya idhini. Asiahidi siku kwa khofu, wala asitoe fedha bila stakabadhi. Muhula ambao Mwenyezi Mungu ameuamrisha katika Suratul Baqara, aya ya 280, ni wa mwenye dhiki ya kweli. Tajiri anayechelewesha malipo ni dhalimu kwa kauli ya Mtume. Ikiwa ana kiwanja alichokiandikisha kwa jina la mkewe ili kisionekane, nacho akitaje.

Na jina la shangazi liandikwe katika orodha hiyo, hata kama mwenyewe atasema lisiandikwe. Akipenda kusamehe, na asamehe baada ya kuonyeshwa ni kiasi gani kilichokuwa chake.