Kutia Sahihi kabla ya Wosia Kuthibitishwa

Mara nyingi matanga hayajaanuliwa bado, na tayari ndugu mmoja amekuja na karatasi mkononi. Husema, "Tieni sahihi hapa, mambo ya shamba yasikawie." Mjane hutazama chini, watoto hutazamana. Mwishowe wote hutia sahihi, si kwa kuwa wameisoma, bali kwa haya. Basi na tuulize: je, kukataa ni kuvunja udugu?

Sisi twaona sivyo. Ikiwa marehemu ameacha wosia, neno lake la mwisho limo humo, na mpaka mahakama iuthibitishe hatujui kwa hakika shamba ni la nani, wala madeni ni kiasi gani. Atiaye sahihi ya kuuza au kuachilia fungu lake agawa asichokijua. Huo si ukarimu, kwani hakuna awezaye kuwa karimu kwa kitu ambacho hakijawa chake.

Sheria nayo yasema vivyo. Hapa Kenya, Sheria ya Urithi iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 1981 yamkataza mtu asiye na idhini kushika, kuuza au kuingilia mali ya marehemu. Adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 10,000, au kifungo kisichozidi mwaka 1, au vyote viwili. Hata msimamizi aliyekwisha kupewa hati na mahakama hana ruhusa ya kuuza ardhi mpaka hati hiyo ithibitishwe, na kwa kawaida hungojewa miezi 6.

Hatusemi kwamba kila karatasi ni mtego. Pasipo wosia, mahakama yenyewe hutaka jamaa watie sahihi kukubali fulani awe msimamizi. Lakini hiyo nayo isomwe kwa sauti, neno kwa neno, mjane akisikia. Na asiyejua kusoma asomewe na mtu asiye na fungu katika urithi.

Nasi tuliosoma, lawama yetu ni kubwa zaidi, maana wengi hutia dole gumba kwa kuwa wameona sahihi yetu pale juu. Basi tujizoeze kusema kwa upole, "Ndugu yangu, nakupenda, lakini tungoje." Mwenye nia njema hatapotewa na kitu kwa kungoja; mwenye nia mbaya ndiye atakayepotewa na nafasi yake.