Nani Huhesabiwa Mezani?

Nimekuwa mwalimu karibu umri wangu wote wa kazi, na kabla ya kustaafu nilikuwa mkuu wa chuo cha ualimu. Katika mambo niliyowafundisha vijana wangu, lililonikaa moyoni muda mrefu kupita yote ni mchezo mmoja. Ndugu msomaji, usicheke, ngoja nikueleze.

Ni mchezo wa vita. Askari wadogo wa madini ya risasi, wa plastiki au hata wa udongo hupangwa juu ya meza yenye vilima na mito ya kuigiza. Wachezaji wawili husogeza vikosi kwa kupima kwa rula, na dadu huamua nani ameanguka. Kanuni zake mashuhuri zilitolewa Prussia mwaka 1824 na ofisa kijana, von Reisswitz, ili maofisa wajifunze uongozi wa jeshi. Mwaka 1913 mwandishi Mwingereza H. G. Wells akatoa kitabu, Little Wars, kilichouingiza mchezo huo majumbani. Yeye aliona heri watu wapigane kwa vinyago kuliko kwa damu. Mwaka uliofuata damu ikamwagika, nayo ikafika hadi kwetu Tanga.

Mimi nilifundishwa mchezo huo na mwalimu mgeni aliyekuwa chuoni kwetu miaka ya 1980. Tukafinyanga askari wa udongo, nami nikaanza kutunga visa vya kufundishia historia.

Kutunga kisa kizuri ni kazi. Chukua Tanga, Novemba 1914. Waingereza walileta kwa meli askari wapatao 8,000, wengi wao Wahindi. Von Lettow-Vorbeck alikuwa na kama 1,000 tu. Ukiweka idadi hizo mezani na kusema “anzeni”, mchezo utakwisha kabla chai haijapoa. Lakini waliokimbilia melini na kuacha bunduki ufukweni ni wale wengi! Walikuwa wamechoshwa na safari, hawakuipeleleza nchi, na walichelewa hata wenzao wakapata nafasi ya kuleta askari kwa reli kutoka Moshi. Nyuki nao wakawavamia. Mtunzi wa kisa, basi, huziacha idadi zilivyo akagawa mashaka: huyu ampe watu wengi na muda mchache, yule ampe watu wachache na habari nyingi. Kila mmoja awe na lengo lake, na kila njia aichaguayo imgharimu kitu. Na kama wachezaji wanayajua yaliyotokea, hubadili majina ya mahali, wasicheze kwa kukumbuka kitabu.

Hayo niliyajua vizuri, na nilijivunia. Ndipo nikatunga kisa cha Novemba 1917, von Lettow-Vorbeck alipovuka mto Ruvuma kuingia Msumbiji, akiwa amewaacha nyuma wagonjwa na majeruhi wengi. Mchezaji alipaswa kuvusha mizigo kabla adui hajamfikia. Bombomu lililovuka alama tano. Sanduku la risasi alama mbili. Wapagazi niliwafanya vijiti vya kiberiti, maana bila wao mzigo hausogei. Alama zao sikuziandika.

Mwanachuo mmoja, kijana mpole, aliziacha bombomu zote ukingoni akavusha vijiti vyote. Nilipomwuliza sababu akasema, “Mwalimu, babu yangu alichukuliwa upagazi katika vita hivyo, hakurudi. Katika karatasi hii yuko wapi?” Darasa likacheka. Nami, kwa kuwa kanuni ni kanuni, nikamwandikia kushindwa.

Kwa miaka mingi nilijitetea hivi: jemadari mwenyewe ndivyo alivyohesabu, basi sifuri ile ilikuwa ukweli wa historia. Utetezi huo si mwepesi, na hata leo siutupi wote. Wapagazi walikufa kwa makumi ya maelfu, kwa njaa na maradhi kuliko kwa risasi. Kumbukumbu yao imo katika jina la Kariakoo, lililotokana na jina la Kiingereza la kikosi chao. Lakini wangapi wanaonunua nyanya pale wanalijua hilo? Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Kosa langu ni kwamba niliishika mizani ya jemadari nikaiita mizani ya mchezo, kana kwamba hakuna nyingine.

Baadaye nilijaribu kurekebisha. Nikampa kila mpagazi alama tatu. Mara wachezaji wakaanza kukokotoa: wapagazi wawili wanashinda bombomu moja, mmoja anashindwa. Nikaona nimetoka kwenye kusahau watu nikaingia kwenye kuwauza. Kila tarakimu niliyoandika iligeuka bei.

Mwishowe nilifanya hivi, na sijapata lililo bora. Alama za jemadari nilizibakiza, nikaeleza wazi kuwa ni zake. Mchezo ukiisha, mshindi alitakiwa kusimama na kuhesabu kwa sauti vijiti vilivyobaki ukingoni, kimoja kimoja. Hesabu hiyo haikuwa na alama. Wengine walihesabu haraka haraka. Wengine walikwama njiani.

Watu huniuliza kama ni halali kuifanya michezo mauti ya watu. Nadhani ni halali, maana anayechagua mezani huelewa jambo ambalo msomaji wa kitabu hulipita. Lakini mtunzi ana deni: aseme ni mizani ya nani anayotumia.

Kijana yule naye akawa mwalimu. Sikuwahi kumwambia kwamba siku ile alicheza vizuri kuliko wote. Namwambia hapa, kama kitabu hiki kitamfikia.